Mbuzi Aliyekula Waterloo

Watani wetu wana usemi mmoja hawauchoki: ati Mpare akiibiwa kuku, atauza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi. Tunacheka nao, kisha tunarudi nyumbani kupanga risiti kwenye bahasha. Kwa sababu hiyo, nilipokutana na Victor Hugo sikuhitaji utangulizi. Riwaya yake, Les Misérables, iliyotoka mwaka 1862, ni habari ya polisi anayemwinda mtu mmoja miaka nenda miaka rudi, mji hadi mji, kwa shauri lililoanzia kwenye mkate. Mkate mmoja. Wahakiki wa Ulaya wameumiza vichwa juu ya moyo wa huyo Inspekta Javert. Sisi hatuoni la ajabu. Pita mahakama ya mwanzo yoyote Upareni siku ya kazi, utawakuta akina Javert watatu wanne benchini, bahasha kwapani, wanasubiri kuitwa.

Nakala yangu ni tafsiri ya Kiingereza niliyoinunua kwa muuza vitabu vya mitumba Dar es Salaam. Ina kurasa zaidi ya elfu moja, herufi zake kama mbegu za mchicha, na jalada lilikuwa limekwisha kung'oka, nikaivisha manila nyeusi. Hiyo manila nyeusi ishike akilini. Riwaya yenyewe ina sura 365, kwa hiyo mwenye nidhamu anaweza kusoma moja kila siku na kufunga mwaka bila deni. Mimi nafasi ya kuisoma niliipata Mama alipoamua kwamba jiko la nje la nyumbani Usangi lijengwe upya, na kwamba mtoto aliye likizo ndiye atakayemsimamia fundi. Kusimamia fundi, kwa asiyejua, ni kukaa kwenye kigoda ukiwa na uso wa mtu ambaye saruji yake haiibiwi. Kitabu kinene kinaufaa sana uso huo.

Mwanga mjini ni joto, vumbi, na upepo unaokupokonya maneno mdomoni. Usangi ni migomba, ukungu na sweta. Katikati yake kuna kona. Ndani ya gari la kwenda Usangi nilikipakata kitabu, maana begi langu lilikuwa juu ya keria, chini ya gunia la mchele la mtu. Tulipoanza kupanda, mama mmoja mtu mzima aliyekaa pembeni yangu akakitazama kitabu, akanitazama na mimi, akasema kwa adabu zote, "Mtumishi, hatujaomba."

"Shikamoo Mama. Lakini hiki si..."

Gari likakata kona. Upande wangu pakawa hapana kitu ila hewa, na mabati ya Mwanga yakimeta kule chini. Nikaomba. Niliomba vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Abiria wakaitikia amina, na dereva naye akaitikia, jambo lililonitia hofu mpya kwa kuwa nilimwona kwenye kioo amefumba macho.

"Ubarikiwe. Sasa tusomee kidogo."

Hapo Hugo aliniokoa. Riwaya ile haianzi na mfungwa wala polisi. Inaanza na askofu, na inakaa na askofu huyo kurasa kwa kurasa kabla mwizi hajabisha hodi. Nikawafasiria papo hapo: Askofu Myriel anahamia jumba la kiaskofu, anakwenda kuitazama hospitali ya jirani, anakuta wagonjwa 26 wamebanana kwenye vyumba vitano sita vidogo. Yeye, dada yake na mtumishi wao, watu watatu, wana jumba la kutosha watu 60. Anamwambia mkurugenzi wa hospitali kwamba hapa kuna kosa la hesabu, wabadilishane nyumba. Gari zima likatulia. Kisha mzee wa kiti cha nyuma akauliza, "Huyo ni askofu wa dayosisi ipi?"

Nikasema Digne.

Akatafakari. "Wakatoliki wako Same. Walutheri nao Dayosisi yao ya Pare iko hapo hapo Same. Hiyo Digne ni upande wa Gonja?"

Nikasema ni Ufaransa. Mama wa pembeni yangu akatikisa kichwa, akahitimisha: "Ndiyo maana."

Fundi wetu, mwanzoni, alikuwa mtu wa maneno machache na timazi iliyonyooka. Kosa lake lilikuwa kuuliza nasoma nini kinachonifanya nigune peke yangu. Nikamwambia kuna mtu, Valjean, kafungwa miaka 19. Kwa kosa gani? Kuiba mkate, awalishe watoto saba wa dada yake. Mwiko ukabaki hewani na udongo wake. Nikaeleza kwa haki kwamba miaka mitano ndiyo ya mkate na kioo cha dirisha alichokivunja, iliyobaki ni ya kujaribu kutoroka mara nne. Fundi akashuka jukwaani, akakalia tofali. Saidia fundi akatua ndoo ya zege, akakalia ndoo nyingine. "Endelea," wakasema. Nilikuwa nawalipa kwa siku.

Jioni ikawa lazima nirudie yote. Mama alikuwa amesikia vipande vipande kutoka jikoni na hataki habari isiyo na kichwa. Tukawa tunapukuchua mahindi ya makande huku nikisimulia, kitabu mapajani, tochi ya simu kwapani, kwa sababu umeme wa kule nao una likizo zake. Majirani wakaanza kuja kuazima chumvi saa mbili usiku na kusahau kuondoka nayo. Akaja Shangazi. Halafu, kwa bahati mbaya ya kila aliyependa kulala mapema, akaja Mjomba.

Mjomba ni karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Alikuja na daftari. Ukurasa wa kwanza aliandika kwa mwandiko wa kulala: Jamhuri dhidi ya Valjean. Nikamkumbusha kwamba mwaka 1815, Valjean anapotoka gerezani, Ufaransa ilikuwa ya mfalme, haikuwa jamhuri. Akanitazama juu ya miwani. "Mfalme ataondoka," akasema, "faili litabaki."

Shauri la kwanza lilikuwa la askofu. Valjean analazwa kwa askofu, analishwa, usiku anaondoka na vyombo vya fedha. Polisi wanamkamata, wanamrudisha. Askofu anawaambia vyombo nilimpa mwenyewe, na anamwongezea vinara viwili vya mishumaa alivyovisahau. Nilitazamia machozi. Shangazi akasema, "Amedanganya." Shangazi ni Msabato, na Usabato uko Upareni tangu mwaka 1903, ulipoanzia kule Giti, Mamba. Hauyumbishwi na Mfaransa mmoja mwenye vinara. Mjomba akamuunga mkono kwa sababu zake: kumpa polisi taarifa ya uongo ni kosa, awe askofu awe mpiga debe. Mama akaendelea na gunzi lake, kisha akauliza, "Vyombo ni vya nani?" Vya askofu. "Basi alipotamka kwamba kampa, alikuwa ndiyo anampa. Zawadi haina saa." Fundi, ambaye wakati huo alitakiwa kuwa kwake amelala ili awahi kazini, alitaka tu kujua kinara cha fedha kinauzwaje. Shauri liliahirishwa, likatajwa, likaahirishwa tena. Mjomba hakuwa tayari kutoa hukumu kabla ya kuzisikiliza pande zote, na upande mmoja haukuwahi kuzaliwa.

Lakini yeye ndiye aliyenionyesha jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Valjean baada ya kusamehewa na askofu anakutana njiani na mtoto, Petit Gervais. Sarafu ya mtoto inadondoka, Valjean anaikanyaga na kumfukuza, halafu anajuta na kumtafuta bila kumpata. Mjomba akagonga daftari. "Umesikia? Watu wote wanasema kesi ni ya mkate. Kesi ya mkate ameshaitumikia! Polisi wanamtafutia hii sarafu ya mtoto." Na ni kweli, ndivyo ilivyo kitabuni. Mzee aliyeshika mafaili maisha yake yote alikisoma kitabu kwa masikio akamzidi mwenye kitabu.

Tukafika Waterloo. Asiyeijua riwaya hii aelezwe: mama mmoja, Fantine, amekufa, binti yake Cosette yuko mikononi mwa Thénardier na mkewe, wenye nyumba ya wageni, wanamtumikisha kama punda. Kila mtu anataka kujua mtoto ataokolewaje. Hugo anasimamisha habari na kwenda vitani. Sura 19, mapigano ya tarehe 18 Juni 1815. Unapewa ramani ya maneno. Unapewa mvua ya usiku iliyolowesha uwanja hata mizinga ya Napoleon ikachelewa kusogea. Mwandishi alikwenda kuutazama uwanja wenyewe mwaka 1861, akaimalizia riwaya kule kule, na mtu aliyegharamia safari hataki nauli ipotee bure. Mjomba alivumilia, kwa kuwa majeshi tunayajua: mwaka 1916 Wajerumani walirudi nyuma kwa kufuata reli ya Usambara chini ya milima yetu hii hii, Waingereza wakiwa nyuma yao. Hata hivyo naye akaanza kupiga miayo. "Wafaransa nawajua," akasema. "Nimesoma Mchuuzi Muungwana ya Molière, tafsiri ya Morrison. Ile ilikuwa nyembamba. Inaisha." Shangazi kila baada ya mzinga mmoja aliuliza, "Na mtoto je?"

Kesho yake mchana nikaitwa barabarani kupokea mchanga. Kitabu nikakiacha kigodani, kimefunguka. Niliporudi, mbuzi wa Mama alikuwa amekata kamba na yuko kazini. Manila alikuwa ameionja akaikataa. Waterloo ilimpendeza. Alikuwa amekula wapanda farasi, ameula mkono mzima wa jeshi la Wellington, na Napoleon mwenyewe alikuwa ananing'inia kwenye ndevu. Nikapiga kelele. Mama akatoka na mwiko wa ugali.

"Kala Cosette?"

"Hapana Mama. Kala vita."

"Basi mwache."

Sijawahi kuona kijiji kikifurahia hasara ya mtu kiasi kile. Fundi alisema mbuzi yule ana macho. Jirani mmoja alileta majani ya viazi, zawadi ya mbuzi. Jioni ile tulirukia moja kwa moja kwenye meli Orion, Valjean akadondoka baharini, akatokea msituni usiku, akaishika ndoo ya maji aliyoelemewa nayo Cosette, na nyumba nzima ikapumua. Shangazi alifuta macho kwa khanga na kusingizia vumbi la mahindi.

Tukaenda vizuri siku nyingi. Akatokea Marius, kijana msomi asiye na hela. Baba yake, Kanali Pontmercy, amemwachia wosia: sajenti mmoja aliniokoa maisha Waterloo, jina lake Thénardier, ukimpata mtendee mema yote uwezayo.

Kelele zilizopigwa zilisikika hadi barabarani. Thénardier yupi? Huyu huyu aliyemtesa Cosette? Ameokoa mtu? Lini? Mjomba alisimama, jambo asilolifanya bila sababu. "Huu ni ushahidi mpya ambao mahakama haikuupokea. Umeruka ukurasa."

"Ni mbuzi, Mjomba."

"Mbuzi hawezi kuwa shahidi. Mtuhumiwa anaweza."

Asubuhi nikapanda hadi juu ya shamba, penye mtandao, nikaifungua kwenye simu tafsiri ya zamani ya Isabel Hapgood, ya mwaka 1887, ambayo inasomwa bure kwenye intaneti. Nikaisoma Waterloo yote nimesimama kati ya migomba, mkono mmoja nimeuinua juu nisipoteze mawimbi. Na pale mwishoni kabisa, sura ya 19, baada ya matope na mizinga yote ile, ni usiku, mtu mmoja anatambaa kati ya maiti akizipora. Anauona mkono wenye pete, anauvuta, anamtoa afisa kwenye lundo, anamwibia saa na mkoba. Yule afisa anazinduka. Anadhani ameokolewa. Anamshukuru mwizi wake na kumuuliza jina, na mwizi anasema: Thénardier. Jambo ambalo nusu ya riwaya iliyobaki inalitegemea, Hugo alikuwa amelitia mwisho wa sura ambazo kila mtu huziruka. Riwaya fupi hukuambia lililo muhimu. Hii ilikuwa imelikalia, inangoja ione nani atachoka kwanza. Nilicheka peke yangu pale shambani hadi mpita njia akaniuliza kama simu imeniletea hela.

Nilipoisimulia jioni, hapakuwa na aliyepiga miayo. Waliitaka Waterloo yote, kuanzia mvua.

Tangu hapo hawakuniruhusu kuruka kitu. Sehemu ya mwisho ya riwaya Hugo anasimama tena, Valjean akiwa amembeba Marius aliyezimia ndani ya mfereji wa maji machafu wa Paris, na anatoa mhadhara juu ya mifereji yenyewe. Analalamika kwamba Paris inatupa baharini kila mwaka faranga milioni 25 kwa njia ya kinyesi, ilhali hakuna mbolea iliyo bora kuliko ya binadamu. Wasomaji wa mjini hufungua kurasa hizo wakiwa wamebana pua. Mama aliniambia nirudie. Ana ng'ombe wa ndani, ana migomba, na maisha yake yote hajawahi kusikia mwandishi wa vitabu akizungumza jambo la maana kiasi kile. "Huyo mzee alikuwa na shamba," akasema.

Tembo hakupita kirahisi. Gavroche, mtoto wa mitaani, analala ndani ya tumbo la sanamu kubwa ya tembo iliyokuwa uwanja wa Bastille, iliyojengwa kwa mbao na plasta, na anawakaribisha wadogo wawili waliopotea. Tulikuwa na mgeni kutoka Kwakoa, ambako tembo wa Mkomazi na Tsavo huingia mashambani bila kuazima chumvi. Aliikataa sura nzima. Sanamu au si sanamu, alisema, mtoto hapelekwi huko.

Kwenye vizuizi vya barabarani vya Juni 1832 ndiko nilikopata mjadala ambao sikuutarajia. Vijana wanarundika meza, mapipa na mawe ya barabara, wanapigana, wanakufa karibu wote. Shangazi hakuelewa haraka yao. "Kwa nini hawakupiga kambi tu?" Alikuwa na mfano. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakakaa Same, makao makuu ya wilaya, kuikataa kodi ya mbiru iliyopangwa kwa kukisia mali ya mtu. Walikaa. Walipika, wakalala, wakaamka, wakakaa tena, na wanawake wa Usangi nao wakaja kuingia kwenye vurumai hizo. Profesa Isaria Kimambo ameiandikia mbiru kitabu kizima. Mwishowe mkoloni aliiacha kodi ile. "Ubishi ni kazi ya kukaa," Shangazi akasema. Mjomba, kwa mara ya kwanza, hakumpinga.

Wakati huo mpwa wangu akafika kutoka Dar es Salaam. Kusikia tunachosimuliana, akatoa simu: filamu anayo, ile ya mwaka 2012, ya Hugh Jackman. Tukajisogeza. Wakaanza kuimba. Tukangoja wamalize kuimba habari ianze. Hawakumaliza. Javert naye akafungua kinywa, akaimba. Mjomba akavua miwani. "Polisi anaimba kabla ya kukamata? Mtuhumiwa si atasikia?" Akauliza iko wapi sarafu ya Petit Gervais. Haipo. Waterloo? Haipo. "Faili pungufu," akasema, na simu ikarudishwa mfukoni. Mpwa alibaki ananung'unika kwamba filamu ilipata tuzo za Oscar. Hakuna aliyemuuliza Oscar ni nani.

Ilipofika zamu ya Javert nilitaka kupunguza maneno, kwa heshima ya Mjomba. Javert ameokolewa maisha na mtu aliyemwinda, akamwachia huru, na hawezi kuishi na faili la namna hiyo. Anaingia kituo cha polisi, anaomba karatasi, anaandika maoni kwa ajili ya kuboresha kazi. Maoni kumi, yamepangwa kwa namba: kwamba mahabusu wanaorudi kutoka kuhojiwa huvuliwa viatu na kusimamishwa pekupeku juu ya mawe wanapopekuliwa, wengi huingia gerezani wanakohoa, na hiyo inaleta gharama za matibabu, na mengine ya namna hiyo, madogo madogo, ya haki. Anatia sahihi, anaandika cheo chake na saa. Anatoka, anaelekea mtoni.

"Soma zote kumi," Mjomba akasema. Nikazisoma zote kumi. Alizinukuu kwenye daftari, moja moja, kisha akapiga mstari kwa rula.

"Alikabidhi ofisi," akasema. Nimesoma tahakiki kadhaa za Javert. Hakuna iliyoniridhisha kama hiyo.

Hukumu aliitoa baada ya Valjean kufa: faili lifungwe, kila upande ubebe gharama zake. Kwa vitendo gharama nilizibeba mimi, kwa kuwa jiko lililotakiwa kwisha Cosette akiwa mtoto lilipata paa Cosette ameshaolewa. Ile kona inayotazama migomba, iliyojengwa wakati wa vizuizi vya barabarani, imeinama kidogo kuelekea Ugweno. Fundi anasema haitaanguka, na kwamba nikija likizo nyingine yuko tayari kujenga hata banda la kuku, mradi kitabu kiwe kinene. Nimemwahidi The Count of Monte Cristo. Mjomba ameambiwa mtu anafungwa miaka 14 bila kusomewa shitaka, na ameshanunua daftari.

Nakala yangu haina Waterloo mpaka leo. Wewe ukiipata yako, iwe ya Kiingereza au ya lugha yoyote unayoisoma vizuri, usiziruke zile sura 19. Na kama nyumbani mna mbuzi, mfunge kwanza.